Shajara ya Kafi: mkono ukisogea, mtumbwi nao usogee

Siku ya 1

Naanza kuandika mapema maana mradi uliopita sikuandika chochote na mwisho nikashindwa kukumbuka nilibadilisha nini na kwa nini. Mradi wenyewe ni huu: gemu ya mtumbwi, unavuka kutoka Mtongwe mpaka upande wa kisiwani, hapa Mombasa, na badala ya kubonyeza batani kwenye pedi unashika kafi kabisa mkononi, bomba la PVC lenye sensa ndani, unapiga kafi hewani na mtumbwi unaenda.

Chanzo ni ubishi. Pale kwa gemu huku Kisauni, kibanda cha kulipia ucheze, nashinda jioni nikiwarekebishia pedi zilizokufa, na kuna mjadala pale hauishi. Kuna wanaosema mambo ya kutikisa mikono yaliharibu gemu, ilikuwa fasheni ikapita. Kuna hawa wa PUBG Mobile, ile gemu ya bunduki ya kwenye simu, wao wanakwambia bila jairoskopu, ile sensa ya simu inayosikia ukiizungusha, hujalenga kitu, bunduki ikianza kuruka juu wao wanainamisha simu kidogo tu na risasi zinabaki pale pale kwenye adui. Na wallahi ukiwatazama mikono ni kweli, kusogea kwenyewe huoni, simu inainama kama unywele tu.

Mimi niko upande wa mkono, nasema wazi tangu mwanzo. Nlikuwa na Wii ya mtumba, ile mashine ya gemu ya Nintendo unayocheza kwa kupunga rimoti, ule waya wa kile kipau kinachokaa juu ya TV ulikuwa umekatika, na nikaja kujua kumbe kile kipau hakitumi habari yoyote, ni taa za infraredi mbili pande mbili, kamera yenyewe iko kwenye rimoti. Nikaweka mishumaa miwili juu ya TV, ikafanya kazi! Bimkubwa wangu ambaye hajawahi kushika pedi maisha yake akasimama mbele ya mishumaa miwili akavingirisha mpira wa bouling na pini zikaanguka zote. Hakuuliza batani iko wapi. Nikaelewa kwa nini ile mashine ya mwaka 2006 iliuza zaidi ya milioni 100.

Sasa nataka kujua, je, ile raha yaeza kukaa zaidi ya jioni moja?

Siku ya 3

Vifaa vimefika. Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ya kusoma sensa, kwa sababu ina Bluetooth yake ndani, sensa ya MPU-6050, betri ya simu ya zamani, bomba la PVC mita moja na nusu. Sensa ya kwanza ilikuwa mbovu, ukiiuliza jina lake inatakiwa ijibu 0x68, hii ikajibu namba nyingine kabisa na masomo yake, yaani namba inazopima, yanaruka ruka. Aliyeniuzia anasema akiuza harudishiwi, bas nikanunua ya pili kwa mtu mwingine, shilingi 450, hii iko sawa.

Kwa asiyejua, hii sensa ni mbili ndani ya moja. Akselerometa inasikia mvuto wa ardhi, kwa hivo inajua chini ni wapi. Jairoskopu inasikia unazunguka kwa kasi gani. Zingatia hapo, KASI, sio pembe. Pembe unaipata kwa kujumlisha kasi kila mara, na hapo ndipo balaa lilipo. Nimeilaza kafi mezani bila kuigusa, nikaenda kuchukua chai, narudi nakuta mtumbwi kwenye skrini umeshageuka unaangalia baharini. Sensa ilikuwa inakosea nusu digrii kwa sekunde, kitu kidogo sana, lakini dakika moja ina sekunde 60 na hio ni digrii 30.

Dawa ya kwanza: ukiwasha, iache itulie, soma mara 1000, chukua wastani, toa. Imesaidia. Lakini nlipima asubuhi na kuna ubaridi, saa saba mchana chumba kimekuwa tanuri na kosa limerudi, kwa sababu hizi sensa joto likibadilika na kosa lake linabadilika. Mombasa hii.

Siku ya 4

Stima ilipotea kuanzia saa kumi. Nimelehemu nyaya mbili tu kwa mwanga wa simu, nikaacha.

Siku ya 8

Toleo la kwanza limechezwa na watu. Nilifanya njia rahisi, ukitikisa bomba kwa nguvu inahesabu kafi moja, mtumbwi unasonga. Nikalipeleka kwa gemu nikaliunganisha na laptopu.

Dakika tatu za kwanza ilikuwa sherehe. Foleni, kelele, watu wanarekodi. Dakika ya kumi foleni imekwisha, wamerudi kwenye mpira. Na kilichoniumiza zaidi, kuna dogo mmoja wa miaka 11 hivi aligundua kwamba hahitaji kupiga kafi, akakaa kwenye kiti akashika bomba katikati na kulichezesha kwa kifundo cha mkono tu, tik tik tik tik, akawashinda wote waliosimama wakitoa jasho. Hakudanganya yule dogo. Gemu yangu ndiyo ilimwambia kwamba hicho ndicho inachotaka.

Nimekaa na hili usiku kucha. Tenisi ya Wii ilikuwa na shida hio hio, watu walianza wamesimama wakipiga kama wachezaji wa kweli, baada ya wiki wako kwenye sofa wanafanya kifundo. Rimoti ya mwanzo, kwa kusikia mkono, ilikuwa na akselerometa peke yake, na akselerometa haitofautishi vizuri mkono ulioinama na mkono unaokimbia, kwake yote ni msukumo. Jairoskopu ilikuja baadaye kwa kile kidude cha kuchomeka chini, MotionPlus, mwaka 2009.

Lakini sio sensa tu. Donkey Kong Country Returns ya 2010 kwenye Wii, ukitaka nyani abingirike unatikisa. Kwa nini? Kutikisa kwako hakuna nguvu kidogo wala nguvu nyingi, hakuna kushoto wala kulia, ni ndiyo au hapana. Hio ni kazi ya batani, na batani inaifanya haraka zaidi na haikosei. Ilipokuja kwenye 3DS, mashine ndogo ya mkononi, mwaka 2013 wakaweka batani na hakuna aliyelia. Ile gemu ya Zelda, Twilight Princess, kwenye Wii upanga ni vile vile unatikisa tu, na kwa sababu watu wengi wanashika rimoti kwa mkono wa kulia wakaamua kuugeuza ulimwengu wote kama kwenye kioo, mashariki ikawa magharibi, ili Link, shujaa wake, aliyekuwa wa mkono wa kushoto awe wa kulia. Ramani nzima imegeuzwa kwa ajili ya mkono ambao gemu yenyewe haiusikilizi inavyofaa! Hilo linanisumbua mpaka leo.

Kwa hivo wale wanaosema kutikisa kuliharibu gemu, hapa nawakubalia. Nimefanya kosa lile lile mimi mwenyewe, nimechukua batani nikaifanya iwe nzito.

Siku ya 11

Leo ndio siku yenyewe.

Nimeenda Likoni kwa ami yangu. Amevua miaka zaidi ya thelathini, sasa mgongo umekataa, anashona nyavu barazani. Nikampa shikamoo, nikampa bomba, nikafungua laptopu juu ya kikapu cha nyavu nikamwambia ami hebu piga hili kasia nione.

Akalitazama. "Hili si kasia, mwanangu. Kasia huvutwa, lina kishwara chake. Hili ni kafi, na kafi hupigwa."

Akakaa kwenye kigoda, miguu akaipanga kama yuko ndani ya mtumbwi, akapiga. Na mtumbwi kwenye skrini haukwenda. Alikuwa akipiga polepole sana, gemu yangu ilikuwa inasubiri mtikiso. Akanitazama akaniambia, "Wewe wataka watu wapige maji, hutaki wapige kafi."

Nikamwomba afanye tena na mimi nimwangalie tu, skrini nimeifunga. Mkono wa juu unasukuma, wa chini unashika tu kama bawaba. Kafi inaingia mbele karibu na goti, inarudi imesimama wima kando ya ubavu, na ikifika nyuma ya nyonga, hapo, kabla haijatoka kwenye maji, akageuza kiganja. Kidogo tu. Gumba la mkono wa juu likaangalia chini, na bapa la kafi likageuka kusukuma maji kwa nje. Nikamuuliza hio ni nini, akashangaa nauliza. Akasema ukikaa tezini, nyuma ya mtumbwi, peke yako ukapiga kulia, omo, ile pua ya mbele, lakimbilia kushoto, bas kila kafi walirudisha kabla hujaitoa, la sivyo utazunguka kama kuku aliyefungwa kamba.

Nilirekodi masomo yote. Usiku nimefungua yale majedwali na unaiona kabisa, kila pigo linapoisha kuna mlima mdogo kwenye mhimili wa mpini, digrii 50 hivi, chini ya theluthi moja ya sekunde. Kila pigo. Miaka thelathini iko kwenye mlima ule.

Hapo nimepata jibu langu la mradi. Hicho kigeuzo cha kiganja hakina batani. Ukikiweka kwenye batani unaua, kwa sababu swali sio "umegeuza au hujageuza", swali ni umegeuza kiasi gani, mapema au umechelewa, na mkono unajibu haya yote kwa mpigo mmoja bila kufikiri.

Siku ya 12 mpaka 15

Nimeandika upya karibu programu yote. Tatizo lilikuwa hivi, kafi ikisimama wima, kule kugeuza kiganja kunazunguka kwenye mhimili ule ule wa mvuto, akselerometa haioni kitu, inabaki jairoskopu peke yake na lile kosa lake la kujumlisha. Siku mbili nilihangaika na hili, nikafikiria kuongeza dira, lakini nyumba yetu madirisha yote ni grili za chuma, dira itachanganyikiwa.

Halafu nikakumbuka pigo zima ni sekunde moja tu. Nusu digrii! Kwa hivo kila kafi inapozama, naweka sifuri nahesabu upya, ikitoka majini nasahau. Kosa halipati muda wa kukua. Kwa kuinama kushoto au kulia natumia mchanganyo wa kawaida, asilimia 98 ya jairoskopu na 2 ya akselerometa, hio inatosha kujua kafi iko upande gani wa mtumbwi. Kuelekea kwa kafi kaskazini au kusini sikuhitaji kabisa, nimeifuta.

Siku ya 16

Kuchelewa. Mkono unaenda, mtumbwi unafuata baadaye, na mwili unajua hata kama macho hayajui. Nimerekodi kwa simu kwa picha 240 kwa sekunde, mkono na skrini pamoja, halafu nikahesabu picha moja moja. Picha 31, hio ni kama milisekunde 129. Nyingi sana. Mkosaji nilikuwa mimi, nilikuwa nalainisha masomo mara tatu ili mstari uwe mzuri kwenye jedwali. Nimetoa ulainishaji mara mbili, zimekuwa picha 17, milisekunde 71 hivi. Mstari sasa una manyoya manyoya lakini mkononi ni kitu kingine kabisa, unahisi umeshika kitu.

Kando kidogo: nilikuwa kwenye matatu kutoka mjini nikajaribu ile gemu ya magari ya kuinamisha simu. Kufika Nyali brijini dereva akakata kona na gari langu kwenye simu nalo likakata, akafunga breki simu ikadhani nimeinamisha. Sensa haijui mwili wako na matatu ni vitu viwili. Kwa hivo gemu ya simu isiyokupa njia ya kuzima hio kitu, kwa sisi tunaocheza njiani, imeshaharibika kabla hujaanza.

Siku ya 19

Hili ndilo gumu na sijalimaliza. Hewa haina uzito.

Ami alisema siku ile, "mkono wangu waenda bure", na ni kweli. Kwenye maji kafi inakataa, unasukuma na kitu kinakusukuma. Hewani mkono unafika nyuma kabla mtumbwi haujaanza. Hii ndio shida ya upanga pia, Skyward Sword, Zelda nyingine ya Wii ya 2011, ilikuwa na jairoskopu, inajua unakata kutoka pembe gani na adui anakinga upande huo, fikra nzuri sana naipenda, lakini upanga wa Link kwenye skrini unazuiwa na mkono wako hauzuiwi, na hapo hapo wewe na Link mnaachana. Kinect, kamera ya Xbox inayotazama mwili wako, ndio ilizidi, mikono mitupu kabisa, hakuna hata cha kushika. Iliuza milioni 8 kwa siku 60 za mwanzo mwaka 2010, halafu Xbox One ikatoka 2013 nayo ndani kwa dola 499, na Juni 2014 wakaanza kuiuza bila hio kamera kwa dola 399. Mtu akiambiwa alipe dola 100 zaidi kwa ajili ya kamera anauliza inafanya nini ambacho pedi haifanyi, na gemu zilizojibu swali hilo zilikuwa chache.

Nlichofanya mimi: siwezi kuzuia mkono, lakini naweza kuyafanya maji yawe na mwendo wake. Kuna kasi ambayo maji yanakubali. Ukivuta ndani ya kasi hio, nguvu yote inaenda kwenye mtumbwi. Ukizidisha, bapa linatoboa maji, unasikia chubwi, povu jeupe, na mtumbwi haupati kitu. Nimetia na mota ya mtetemo ya simu mbovu ndani ya bomba, karibu na mkono wa chini, inatetema polepole kafi ikizama na inakata ghafla ukitoboa maji.

Jambo la ajabu, baada ya dakika tano mkono wenyewe unapunguza mwendo. Hakuna kinachouzuia, lakini unajizuia, unaanza kuyasikilizia maji ambayo hayapo. Nilifanya saa nzima peke yangu chumbani taa nimezima.

Siku ya 23

Nimerudi kwa gemu na toleo jipya. Yule dogo wa kifundo alikuwa wa kwanza, akakaa kwenye kiti, tik tik tik, chubwi chubwi chubwi, mtumbwi haujatoka pwani. Akanitazama. Akasimama bila kuambiwa. Kama robo saa hivi akawa amepata kugeuza kiganja, hakuna aliyemfundisha, aliona tu omo linarudi akifanya hivo, na akaanza kuvuka.

Menyu nimeziacha kwa batani mbili kwenye mpini. Hakuna mtu anataka kupunga bomba ili achague lugha.

Lakini kuna jambo nililikosa na limenikaa moyoni. Kuna kijana pale, fundi wa simu, mkono wake wa kushoto hauinuki vizuri tangu ajali. Anacheza mpira kwenye pedi vizuri kuliko wote. Alishika kafi akajaribu mara mbili akairudisha kimya kimya, akasema iko poa, akaenda kukaa. Haiko poa. Mimi nimetumia wiki tatu nikisema mkono unasema zaidi ya batani na sikujiuliza mkono wa nani. Kulikuwa na gemu ya PlayStation 3, Lair, ya 2007, ilimlazimisha kila mtu ainamishe pedi kuongoza dragoni, watu wakaikataa, mwaka uliofuata ndio wakaongeza stiki kwa kirekebisho cha programu. Skyward Sword nayo ilipotoka upya 2021 ikaja na njia ya batani. Waliongeza baadaye. Mimi bado naweza kuongeza kabla.

Kwa hivo kuna vitu viwili vipya. Kwanza, ukianza unapiga kafi tano vile mwili wako unavyoweza, na hio ndio inakuwa kipimo chako, kama mkono wako unaenda shubiri mbili bas shubiri mbili ni pigo kamili. Pili, njia ya pedi, stiki moja kuvuta na nyingine kugeuza bapa, na ugumu wa maji ni ule ule, sio toleo la kupewa huruma.

Siku ya 25

Fundi wa simu amevuka kwa pedi. Baadaye akaomba kafi, akaweka kipimo chake kidogo, akavuka tena kwa mkono mmoja na nusu. Akasema stiki ni rahisi zaidi lakini kafi "unajua umevuka". Nimeandika maneno yake kama yalivyo.

Na wale wa PUBG waliona nilichofanya wakasema ndivyo wanavyocheza wao, kidole kwa kugeuka kukubwa na jairo kwa kile kidogo cha mwisho. Splatoon, gemu ya Nintendo ya kurushiana rangi, ilifanya hivo hivo 2015, stiki inakugeuza, mkono unamalizia kulenga. Sijawahi kusikia mtu akiiita hio fasheni.

Siku ya 27

Nimerudi Likoni. Mara hii sikuongea, nimempa tu. Ami alipiga kafi nne tano za kujaribu, akatoboa maji mara moja, akacheka, akapunguza. Halafu akaendelea, na mimi nikanyamaza kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika, macho hayako kwenye bapa wala mkononi, yako mbele, ng'ambo. Kila pigo gumba linaangalia chini. Mtumbwi ulinyooka kama umewekewa mstari. Mimi mwenyewe niliyeuandika sijawahi kuunyoosha vile.

Alipofika ng'ambo hakuweka kafi chini. Akauliza maji haya ni ya kujaa au ya kupwa. Nikamwambia ami, hayajai wala hayapwi, yamesimama tu.

"Na bamvua?"

Sijaweka, yale maji makuu ya bamvua.

Akanirudishia kafi. "Nenda ukaweke, kisha uje. Siku ya bamvua mtu haelekezi omo anakokwenda, aelekeza juu ya anakokwenda, maji ndiyo yamfikisha."

Nimefika nyumbani saa mbili usiku, nimeanza na mkondo unaosukuma mtumbwi kwa ubavu. Saa hizi unasukuma kwa nguvu moja tu kila mahali, kesho naufanya uwe mkali katikati ya mlango na mlegevu pembeni.

Betri: inadumu saa 3 na dakika 40. Mota ya mtetemo imelegea, inahitaji gundi.